Kikomo Kilichopimwa Siku ya Umuganda

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, Remera, Kigali. Mawingu mazito tangu asubuhi, na mvua inayotishia tu bila kunyesha.

Shajara yangu, leo situlii. Nimekaa, nimesimama, nimechemsha chai nikaisahau jikoni, nimefungua dirisha nikalifunga tena. Mkono unatafuta kipanya cha kompyuta hata nikiwa naosha vikombe. Naandika hapa ili vidole vipate kazi ambayo haiwezi kuharibu kitu.

Tatizo ni kadi ya michoro. Najua wanaopita kwenye blogu hii si wote watu wa kompyuta, kwa hiyo nieleze. Ndani ya mashine yangu kuna kadi inayogeuza mahesabu kuwa picha. Mimi nachora nyumba ambazo bado hazijajengwa, na kadi inazipa rangi ya ukuta, kivuli cha paa, jua la asubuhi sakafuni, mpaka mtu anaona kama anatembea ndani yake. Hiyo tunaita kurenda, na inakula muda kweli kweli. Kadi hutoka kiwandani na kasi yake. Ukitaka, unaingia kwenye programu, unasukuma mshale mbele, unaiambia ikimbie kuliko walivyoipangia wenyewe. Ndiyo kuovakloki. Kila kadi ina mahali inapogoma, na mahali hapo hapaandikwi kwenye boksi. Unapatafuta mwenyewe.

Nimepatafuta wiki nzima.

Sababu ni Mama Goretti. Ni mkunga mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alikulia Karagwe upande wetu wa Tanzania kabla ya kurudi Rwanda, na Kiswahili chake kinanifanya nijisikie niko nyumbani. Ana kiwanja njia ya Bugesera. Anataka kujenga nyumba azeekee pale. Watoto wake watatu wako nje, na mkubwa wao, Fidèle, anasema kiwanja kiuzwe, mama atafutiwe chumba na sebule hapa mjini, ghorofani, karibu na hospitali. Kesho Jumapili saa kumi jioni wote wanakutana kwenye simu kukata shauri.

Siku ya kwanza nilimpelekea ramani kwenye karatasi. Akaigeuza juu chini, akaigeuza tena, akavua miwani.

"Mwanangu, hapa mimi naona mistari ya uwanja wa mpira. Mlango uko wapi?"

Nikamwonyesha mlango.

"Sasa kama mimi niliyezaa wazo hili sioni nyumba hapa, Fidèle ataiona huko aliko?"

Ndipo nilipofungua mdomo. Nikamwahidi filamu. Nyumba nzima, kutoka getini mpaka uani, mtu atembee nayo mwanzo hadi mwisho. Alifurahi akanishika mikono yote miwili, na mimi nikarudi nyumbani nikiruka madimbwi. Halafu nikaongeza mambo ambayo hakuna aliyeyaomba: nguzo za mawe kwenye veranda, vioo virefu sebuleni, na mvua. Mvua inayonyesha kwenye vioo hivyo. Mvua ni ghali kwa kadi, kila tone linataka hesabu yake. Nilipopiga hesabu nikaona kwa kasi ya kawaida filamu haitaisha kabla ya Jumapili.

Mtu mwenye akili zake angeondoa mvua.

Mimi nikaenda kuongeza kasi. Ndivyo nilivyo, nakiri. Nikiambiwa mlango ni mdogo, sipunguzi mzigo, natafuta kupanua mlango.

Njia yenyewe si ngumu. Unapandisha kidogo, unajaribu, unapandisha tena. Ikianguka unarudi hatua moja, na hapo ndipo kikomo chako. Jumatatu jioni nilipata kikomo kizuri. Jumanne mchana kikomo kilekile kikaniangusha. Nikashusha, nikatulia. Jumanne hiyohiyo usiku kikapanda juu tena bila shida. Jumatano mchana, chali. Kikomo kilikuwa kinahamahama. Nikafungua boksi la mashine nikapuliza vumbi, nikabadilisha ile dawa ya kupitisha joto juu ya kadi, nikaongeza kasi ya feni mpaka sebule ikawa na mngurumo wa mashine ya kusaga. Haikusaidia.

Alhamisi niliona jambo lililonichekesha. Nilisukuma upande wa kumbukumbu ya kadi mbele sana, na haikuanguka. Nikashangilia. Kisha nikaangalia muda wa picha moja, nikakuta imechukua muda mrefu kuliko mwanzo. Kumbe ikizidiwa inakosea, inajisahihisha, inarudia ileile kazi kimyakimya, na kwa nje unaona inakimbia. Nilicheka peke yangu kwa sababu namfahamu mtu wa namna hiyo, na leo asubuhi nimempiga mswaki mbele ya kioo.

Basi jana nikaamua: jaribio moja refu, la mwisho, asubuhi ya umuganda. Kwa wasiokaa huku, umuganda ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa mzima unatoka na majembe na mafagio kufanya kazi ya pamoja, na maduka hayafunguliwi mpaka kazi na mkutano viishe. Nikasema vizuri, mimi nalima mtaro, kadi nayo inalima huku ndani. Tukikutana saa tano tujue nani ameshinda.

Leo asubuhi nilipokuwa napanga mshale wa mwisho simu ikatetemeka mezani. Mama, Bukoba. Mama yangu mimi sasa, si Mama Goretti. Sikupokea. Niliandika "nitakupigia mama" nikarudisha macho kwenye skrini. Nikabonyeza kuanza, nikachukua jembe, nikatoka.

Mtaro tuliopewa uko chini ya barabara yetu, nyuma ya baa za Gisimenti, umejaa mchanga na vifuniko vya chupa. Pembeni yangu alikuwa Habimana, jirani wa ukuta kwa ukuta, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Ni mtu wa mizaha, na Kiswahili chake amekiokota kwa madereva wa malori.

"Dada Koku, ile kompyuta yako iko inafanya kazi sasa hivi? Peke yake?"

"Inafanya. Ikiendelea mpaka tukirudi, nimeshinda."

"Eh! Mimi machine yangu nikitoka iko inalala. Hata haiogopi bwana yake."

Tukacheka. Nikamweleza habari za kasi na kikomo huku tukitupa mchanga kando, naye akaitikia "yego, yego", ndiyo ya huku, kwa adabu ya mtu asiyeelewa hata moja. Baada ya kazi kukawa na mkutano, mambo ya taka na taa za njia, na miguu yangu ilikuwa inacheza chini yenyewe. Mama mmoja aliniuliza kwa Kinyarwanda kama nina mtoto mgonjwa nyumbani. Nikasema hapana, halafu nikaona aibu kidogo.

Nilirudi karibu nakimbia. Mashine ilikuwa inanguruma, jaribio linaendelea, hakuna kosa hata moja, na mshale uko juu kuliko nilivyowahi kuufikisha.

Nilicheza. Nilicheza sebuleni na matope miguuni, jembe mkononi. Nikaanza kurenda filamu ya Mama Goretti kwa kasi hiyohiyo, nikaoga, nikaenda kununua brosheti mbili, mishikaki ya huku, na ndizi ya kuchoma. Wiki nzima sikuwa nimekula kwa raha hivyo.

Sikumaliza hata mshikaki wa kwanza. UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukiyumba, ikalia, skrini ikawa nyeusi, na mngurumo wote ukakatika.

Nikawasha. Nikashusha hatua moja. Ikaenda kidogo, ikazima. Nikashusha mbili, nikafungua madirisha yote, nikaelekeza feni ya mezani kwenye boksi lililo wazi. Ikazima. Halafu nikakagua picha chache zilizokwisha kutoka, nikakuta nguzo za veranda zina madoa ya kijani kama zimeota ukungu. Hizo nazo za kurudia. Mchana ukawa unateketea hivihivi, nami nazunguka meza, nauma kucha, naongea na chuma kwa Kihaya, lugha ninayoitumia nikikasirika tu. Bibi alikuwa na usemi wa Waswahili aliopenda kuutoa, ngoma ikivuma sana hupasuka. Nilitamani awe amekosea.

Kilichoniamsha ni kujiuliza swali la kawaida kabisa. Kadi ikizidiwa, programu ndiyo huanguka, au skrini hujaa madoa. Lakini mashine inabaki inawaka. Hapa ilikuwa inazima yote, mpaka taa ndogo ya kibodi. Hilo si jambo la kadi. Hilo ni jambo la umeme.

Nikakaa kimya, nikaangalia balbu ya sebuleni. Kutoka ng'ambo ya ukuta ikasikika ile *zzzz* ya kuchomelea, na balbu ikafifia. Ikanyamaza, balbu ikarudi. *Zzzz*. UPS ikalia.

Habimana.

Kila anapochomelea, umeme wa mstari wetu unashuka. UPS yangu inashika mashine kwa betri. Kwa kasi ya kiwandani inauweza mzigo huo. Lakini mimi nimeilisha kadi mpaka inakula umeme kuliko betri inavyoweza kubeba, basi UPS inaachia kila kitu. Ndiyo maana mchana naanguka na jioni nasimama. Na jaribio langu kubwa, ushindi wangu wa asubuhi, nimelifanya saa ambazo mtaa mzima umezima mashine, na mchomeleaji mwenyewe alikuwa ameinama kwenye mtaro pembeni yangu, tunacheka pamoja. Nilipima kikomo siku ambayo Kigali nzima imenyamaza, nikakiamini.

Nikavaa kandambili, nikaenda kwake na hasira zangu. Nikamkuta kaweka geti kubwa juu ya vigogo, limefika nusu.

"Habimana, ndugu yangu, unaweza kupumzika kidogo? Unaniangushia kazi."

Akainua kioo cha usoni. "Nipumzike? Dada, mwenye geti anakuja kuchukua jioni hii. Asubuhi nilikuwa na wewe kwa mtaro." Kisha akanyoosha kidole. "Na mimi pia umeme iko kidogo leo. Chuma haishiki. Nilikuwa nasema ni wewe na ile kompyuta."

Nikatazama mashine yake ya kuchomelea. Swichi ya kuongezea nguvu ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho. Yeye anaona umeme ni mdogo, anaongeza, unazidi kuwa mdogo kwangu. Mimi naongeza, unazidi kuwa mdogo kwake. Hasira ikaniisha palepale. Nikamwambia tu "pole na kazi", naye akaniambia pole na mimi, tukaachana.

Nilifikiria kusubiri jioni amalize. Lakini leo ni Jumamosi. Jioni ya Jumamosi kila nyumba hapa inapiga pasi nguo za kanisani, na pasi ni mlafi kuliko Habimana. Nikarudi ndani nikapiga hesabu upya kwa kasi ya kiwandani, bila kujidanganya. Itaisha nusu ya filamu, labda na kidogo.

Nusu ya nyumba.

Kumpigia Mama Goretti kulinichukua muda. Nilifagia kwanza. Nilikunja nguo. Nilijaribu mshale mara moja tena, niseme ukweli, UPS ikanizimia, nikasonya, nikachukua simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nyumba yangu imeisha?"

Nikamwambia yote. Kwamba niliahidi kuliko uwezo, kwamba kesho atapata nusu, kwamba nimekosea na namwomba msamaha. Nilisikia redio kwake, mtu anatangaza kitu, kisha akaizima.

"Nusu ipi?" akauliza.

Nikasema mbele, bila shaka. Geti, veranda, zile nguzo, sebule na vioo. Ndipo penye uzuri.

"Mbele achana nayo. Mbele wanapita wageni." Akakohoa. "Fidèle anauza kiwanja kwa sababu anadhani nyumba ni ya kwangu mimi peke yangu, mwanamke mzee na kuku wake. Nionyeshee vyumba vyao. Waone watakapolala."

Nilifungua faili huku bado yuko kwenye simu. Vyumba vitatu vya nyuma vilikuwa vyeupe, vitupu, milango nimeifunga ili kamera isipite huko. Nilikuwa nimeviita chumba cha pili, cha tatu na cha nne. Mvua nilikuwa nimeichora tone kwa tone, ila kitanda hata kimoja sikuweka. Niliona haya hata kusema.

"Mama, vitanda vikae vipi?"

Hapo alibadilika sauti. Cha Fidèle dirishani, alikuwa na pumu utotoni, hakulala bila hewa, na hata sasa ana mvi lakini ukimwekea kitanda kwenye kona atalalamika. Cha Alice, wa katikati, mbali na taa. Cha mdogo wao, Innocent, kiwe kirefu, maana miguu ilikuwa inatoka nje ya blanketi tangu shuleni. Blanketi ziwe nyekundu. Vyandarua visisahaulike. Alinielekeza kama aliyekwisha kuingia humo mara nyingi, na mistari ya uwanja wa mpira haikumsumbua hata kidogo.

Nikarudisha mshale sifuri, kasi ya kiwandani. Nikafuta mvua. Nikafuta nguzo mbili. Nikachonga vitanda.

Sasa mashine inarenda. Pasi zimeanza mtaani, balbu inafifia na kurudi, UPS inalia na kushika, inalia na kushika. Picha zinatoka moja moja, polepole, safi. Ya mwisho niliyoiona ni ya chumba cha Fidèle, dirisha wazi, kivuli cha chandarua juu ya blanketi jekundu. Itawahi. Kama hawatataka nyumba baada ya kuona hivyo, basi hawataki, haitakuwa kosa la kadi wala langu.

Lakini bado situlii, na sasa najua si kwa sababu ya kadi.

Nimempigia mama. Alipokea kabla haijaita vizuri. Aliuliza nimekula, nikasema nimekula, akasema sauti yako haijala. Asubuhi alikuwa amenipigia basi tu, hakuwa na neno. Dada yangu aliwahi kuniambia kwamba mama hutoa mashuka ya kitanda changu kila Jumamosi, anayafua, anakitandika upya, na hakuna anayelala hapo. Nilipoambiwa nilicheka, nikasema mama naye ana mambo. Leo halikunichekesha.

"Mama, kitanda changu kiko upande gani siku hizi?"

"Palepale, Koku. Kiende wapi?"

Bukoba si mbali. Asubuhi unapanda basi, jioni uko kwa mama. Miaka hii yote nimesema nitakwenda kazi ikipungua, na kila ikitaka kupungua mimi mwenyewe nasukuma mshale mbele.

Kesho saa kumi watoto wa Mama Goretti wataonyeshwa vitanda vyao. Mimi changu kimetandikwa leo, bila filamu, bila kuombwa. Nasubiri nionyeshwe nini tena?